Foleni ya Mitungi

Watu wengi hufikiri ujumbe ukishatumwa umefika. Mimi najua kuna mahali hukaa kwanza. Nimeishi na mahali hapo kichwani miaka mingi, kama mtu anavyoishi na chumba cha nyumba aliyolelewa. Ni ukumbi mrefu, wenye baridi kidogo, na taa nyeupe ambazo hazizimwi. Ujumbe umeketi kwenye mabenchi, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusukumana, kila mmoja na karatasi yake magotini. Mlango wa mbele ukifunguka, wa kwanza husimama na kutoka. Mimi hupita katikati ya mabenchi hayo nikiwa kwenye gari, nikiwa kwa kinyozi, hata nikiwa kanisani, na hakuna anayeinua kichwa kuniangalia, ingawa mimi ndiye niliyewaketisha pale.

Ukumbi wenyewe si wangu. Niliukodi. Uko ndani ya kompyuta za kampuni fulani ng'ambo, nchi ambayo sijawahi kukanyaga, na kazi ya kampuni hiyo ni kutunza foleni za watu wengine. Unawapelekea ujumbe, wanakuwekea kwa mpangilio, na anayeuhitaji akiwa tayari anakuja kuuchukua. Ni hayo tu. Wenye digrii huchukua saa nzima kuyaeleza hayo. Mimi nimeyaeleza hapa kwa mistari michache, na niliachia shule darasa la saba.

Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu napenda kusema hivyo. Ofisi yangu iko ghorofa ya nne, hatua chache kutoka River Road, na ndani yake wamekaa watu kumi na mmoja walionizidi masomo. Kuta zao zina vyeti. Ukuta wangu una kalenda. Na bado wakikwama, mlango unaogongwa ni wangu.

Lakini ninayotaka kukumbuka hapa ni Jumamosi moja ya Julai, na mtungi wa mama yangu.

Mama anaishi mtaa wa Satellite pamoja na dadangu mdogo, nyumba ya chini, vyumba viwili na jikoni. Mapafu yake yalichoka zamani. Moshi wa kuni wa kule kwetu Kitui, miaka mingi ya kuinama juu ya mafiga, ulimngoja mpaka amezeeka ndipo ukadai haki yake. Sasa anapumua kwa mtungi wa oksijeni, ule mrefu mweusi wenye mabega meupe, na mrija mwembamba unaoingia puani. Mtungi mmoja humtosha siku mbili akiwa mtulivu. Julai, baridi ikishuka na ukungu ukilala juu ya mabati mpaka saa nne, haumtoshi.

Mitungi hutoka kwenye depo moja karibu na Dagoretti Corner. Kutoka kwa Mama mpaka depo unaweza kutembea, ukirudi chai haijapoa sana. Lakini mwito wa mtungi hauendi kwa miguu. Dadangu hubonyeza simu yake pale sebuleni, ujumbe ukaondoka Satellite, ukavuka bahari, ukaenda kuketi kwenye benchi la ule ukumbi mweupe, ukaitwa, ukavuka bahari tena, ukatokea kwenye skrini ya depo. Mashine ikatoa karatasi. Mlinzi wa geti akaiona karatasi, pikapu ikatoka. Safari yote hiyo hufanyika kabla Mama hajamaliza kukohoa. Mimi ndiye niliyejenga njia hiyo, kwa mwenye depo, na nilikuwa nikikaa na Mama jioni nikimsimulia jinsi mwito wake unavyosafiri. Alikuwa akifunga macho akisikiliza. Aliniambia anaiona bahari.

Zamani depo ilitoa mitungi kwa simu. Aliyekuwa na sauti tamu au shemeji pale ndani alipata wa kwanza. Nilipowawekea mfumo wangu, nilimwambia mwenye depo aweke amri moja, naye akaiandika getini kwa rangi nyekundu: bila karatasi ya mashine, mtungi hautoki. Nilijivunia amri ile kuliko mfumo wenyewe.

Sasa, ndani ya programu kuna kitu watu wa kompyuta hukiita kontena. Si ile ya chuma iliyogeuzwa duka. Fikiria programu kama mjengo. Kuna mafundi wengi wadogo: mmoja anapokea oda, mwingine anaangalia anwani, mwingine anakwenda kwenye foleni kuchukua ujumbe ulioiva. Kila fundi anahitaji vifaa. Badala ya kila mmoja kujitengenezea vyake, kuna stoo. Wewe mwenye kazi unaandika orodha mwanzoni kabisa: atakayeomba kitu hiki, mpe hiki. Fundi anafika dirishani, ananyoosha mkono, anapewa, hajui kimetoka wapi. Hiyo stoo ndiyo kontena. Na kwenye orodha unaandika jambo moja zaidi kwa kila kifaa: je, kila anayeomba apewe kipya chake, au kuna kimoja tu cha wote?

Mara ya kwanza kuelezwa hayo nilicheka mpaka nikashika meza. Maana mimi nilikuwa mtu wa stoo. Nilikuja mjini nikiwa kijana wa kubeba mawe kwenye mjengo wa Lavington, na baada ya miezi mitatu msimamizi aligundua kwamba nakumbuka nani amechukua koleo gani bila kuandika popote. Akanipa ufunguo. Nilikaa kwenye dirisha lile miaka miwili. Kila fundi na mwiko wake, kila fundi na pimamaji yake, na jioni vyote vinarudi. Baadaye nilifagia kwenye saiba moja ya mjini, duka la intaneti, nikaanza kufungua kompyuta zilizokufa, na mengine ni historia yangu, wala sikusaidiwa na mtu.

Aliyenieleza kontena ni injinia wangu. Namwita hivyo, injinia, kwa sababu ndivyo alivyo. Ni mama wa watoto wawili, mtu wa upande wa Kisii, aliyefanya kazi benki kabla ya kuja kwangu. Ni Msabato. Ijumaa kabla jua kuzama huzima simu yake, na huiwasha Jumamosi jua likishazama. Huvaa sweta ndefu ya buluu mwaka mzima na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Wiki ile tulikuwa tumehamia foleni mpya, ya kampuni kubwa zaidi, kutoka ile ya zamani tuliyokuwa tumekodi kwingine ng'ambo. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya kontena. Alhamisi nikaipitia, mstari kwa mstari, kama kawaida yangu, na nikafika mahali alipoandika kwamba njia ya kuingia kwenye foleni iwe moja tu, ya mafundi wote.

Nikamuuliza kama amesahau kitu. Njia moja? Ikikatika si wote wanasimama?

“Ikikatika inajiunga yenyewe, bosi,” akasema. “Lakini ukiwapa kila mmoja yake, zitakuwa nyingi. Wale wa ng'ambo wana kiwango. Kikijaa wanafunga.”

“Injinia, mimi nimekaa dirishani kwa stoo ukiwa bado nasari.”

“Sawa, bosi.”

Kuna sawa ya kukubali na kuna ile ya kuacha. Ile ilikuwa ya kuacha.

Ijumaa saa tisa na nusu alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kujiandaa kwa Sabato. Mimi nikakaa. Nje ya dirisha mji ulikuwa umefifia kwa ukungu, magari chini yakipita kama yamefungwa kwa pamba, mwewe mmoja akizunguka juu ya paa la jirani bila kupiga bawa. Nikafungua orodha yake. Nikabadilisha neno moja. Pale paliposema moja ya wote, nikaandika kila mmoja apewe mpya. Nikaiweka ianze kazi papo hapo.

Iliruka. Oda zilikwenda haraka kuliko siku zote, na saa nzima nilitazama namba za foleni zikishuka. Nikaagiza chai na mandazi mawili, nikajipongeza. Nikafunga ofisi nikiwa mwepesi.

Jumamosi napenda ofisi. Hakuna mtu, ngazi zinanuka sabuni, na ule utulivu hunifanya nijione nikitembea kwenye ukumbi wangu wa mabenchi. Nilikuwa hapo, nusu nimesinzia kwenye kiti, saa tatu hivi, dadangu alipopiga simu.

“Mtungi haujakuja. Niliitisha jana jioni.”

Nikamwambia utakuja.

“Mshale wa kipimo cha mtungi umeingia kwa nyekundu,” akasema. “Nimeitisha tena alfajiri na tena saa hii. Wewe sikiliza.”

Akaiweka simu karibu na Mama. Nilisikia mrija ukivuma, na chini yake pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima akiwa ameketi. Mshale ukiwa kwenye nyekundu, una asubuhi moja, labda na mchana kidogo kama hatasimama. Nikamwambia dadangu amkalishe wima na asimwache azungumze. Nikabonyeza oda mwenyewe kutoka ofisini, ya nne, kama kwamba mkono wa mwenye mfumo unafika mbali zaidi.

Kisha nikaangalia foleni. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Tangu jana jioni hakuna aliyesimama. Oda zote za wagonjwa wote zilikuwa zimeketi pale, salama, hakuna iliyopotea, lakini mlango wa mbele ulikuwa haufunguki.

Nikazima programu, nikaiwasha tena. Mlango ukafunguka, wakatoka saba, ukafungwa. Nikazima, nikawasha. Wakatoka watatu. Mara ya tatu hakutoka mtu. Oda ya kwanza ya Mama ilikuwa katikati, na zile nyingine tatu nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Nitasema ukweli. Sikufikiria neno langu la jana. Niliwalaani wale wa ng'ambo, nikalaani kebo iliyo chini ya bahari. Kurudisha orodha ya injinia kungekuwa kusema alikuwa sahihi, na wazo hilo halikuja hata kubisha hodi.

Nikampigia mzee wa depo, yule anayepanga pikapu. Ni mtu mzima wa Kakamega, amekaa kazini pale muda mrefu kuliko mtungi wowote. Akaniambia skrini ni nyeupe kama shuka, isipokuwa karatasi kumi zilizotoka asubuhi ile na zimekwenda. Simu inalia haipumziki. Ameandika majina nyuma ya kalenda lakini getini hawaitaki karatasi yake, wanataka ya mashine, na amri iko pale ukutani kwa rangi nyekundu.

“Nipe mmoja tu,” nikasema. “Ni wa mama.”

Nikasikia akifunua kalenda.

“Na hawa wengine walionipigia, bosi, ni wa nani?”

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua aandike nini. Nikakata simu, nikachukua kompyuta yangu na funguo za gari.

Simu ya injinia ilikuwa imezimwa, nilijua. Lakini kanisa lake nilijua pia, liko kwenye barabara ndogo ukishapita Dagoretti Corner, kabla ya kukata kwenda Satellite. Nikaendesha kupitia Ngong Road nikiwa kama ndani ya maziwa. Ukungu haukuwa umepanda. Miti ilitokea upande mmoja, ikasimama kidogo, ikarudi ndani. Watu walivuka barabara bila miguu. Nikapita mbele ya depo na nikaona, nyuma ya waya, mitungi imesimama mistari kwa mistari, myeusi yenye mabega meupe, mamia, imetulia, na pikapu nne zimeegeshwa na madereva wamekaa ndani wamefunga vioo. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni neno tu kutoka ng'ambo. Nilipunguza mwendo, nikatazama kama mtu anayetazama nyumba yake kutoka ndotoni, nikaendelea.

Kanisani mama mmoja wa mlangoni alinipa mkono akaniambia Sabato njema. Nikamwambia ninayemtafuta. Akaingia ndani polepole, na baada ya muda injinia akatoka na Biblia chini ya kwapa na sweta ile ile. Nikaanza kueleza habari za wale wa ng'ambo, jinsi wasivyoaminika. Aliningoja nimalize.

“Uligusa?” akauliza.

Nilikuwa na mengi ya kusema.

“Niligusa.”

“Ile ya moja?”

“Ile ya moja.”

Aliangalia barabarani, si mimi. Nikamwambia kuhusu mshale wa nyekundu. Nilimwambia Mama yuko hapo tu, mitaa miwili kutoka tulipo. Hapo ndipo uso wake ulibadilika, akaketi kwenye ngazi za kanisa na kupiga sakafu kando yake kwa kiganja, niketi.

Akaniambia hatashika kompyuta. Nikafikiri ni sheria ya Sabato, nikaanza kumkumbusha wagonjwa wa kwenye Biblia waliopona siku kama ile. Akatikisa kichwa.

“Mtu akikosa pumzi ningeshika. Lakini hii unaiweza wewe. Ifungue.”

Nikaifungua magotini. Nikatafuta neno langu. Lilikuwa pale, dogo, halina hatia, katikati ya maneno mengine ya orodha. Nikalifuta na kuandika lake. Mimi huandika kwa vidole viwili, na sijaona mwenye digrii anayenishinda kwa vidole kumi. Nikataka kuwasha.

“Ngoja. Si hiyo tu,” akasema. “Jana kila fundi alipewa njia mpya, na hakuna aliyefunga ya zamani. Umechimba bomba tangu jana, kila mtu lake, mpaka barabara kuu. Wale wa ng'ambo bado wanaona zote ziko wazi. Zima kabisa. Ngoja zife. Kama dakika kumi.”

“Nitajuaje zimekufa?”

“Hujui. Unangoja.”

Bomba. Hilo lilinigonga. Kwenye mjengo wa Lavington kila fundi alikuwa na mwiko wake, ndiyo, lakini bomba la maji kutoka barabarani lilikuwa moja, na tulikinga ndoo kwa zamu. Miaka miwili nililipita kila asubuhi. Nilikuwa nimekumbuka miko tu.

Nikazima.

Zile dakika kumi ninazo mpaka leo. Ndani walikuwa wakiimba, polepole, wanawake kwanza halafu wanaume wakija chini yao, na sauti ilitoka mlangoni ikiwa na joto la watu. Nje kulikuwa na ukungu na magari yenye umande. Kuku mmoja alitembea kati ya magurudumu akiinua mguu, akifikiria, akiuweka. Injinia alikuwa amefunga macho. Sikujua kama anaomba au anahesabu. Nami nilifunga yangu na nikawa kwenye ukumbi ule mweupe, natembea kati ya mabenchi, na kwa mara ya kwanza nikataka kujua wale walioketi ni nani. Nilikuwa nimezoea kuwaona migongo. Nikainama nisome karatasi zilizo magotini mwao, na kwenye kila karatasi kulikuwa na kifua cha mtu.

Simu ikatetemeka. Dadangu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mtungi umeacha kuvuma, na midomo ya Mama si rangi yake. Amemfungulia dirisha. Jirani ameenda kutafuta gari.

“Dakika ngapi?” nikamuuliza injinia.

“Nane.”

“Niwashe?”

“Ukiwasha mapema unaanza upya.”

Nilikaa juu ya mikono yangu. Nasema kweli, niliikalia, kama mtoto.

Kisha akasema sasa, nikawasha.

Mlango ukafunguka. Wa kwanza akasimama, akatoka. Wa pili. Wa tatu. Sikupumua mpaka nilipoona wamepita saba, wakapita kumi, na mlango uko wazi bado. Walitoka kwa utulivu ule ule walioingia nao, bila haraka na bila lawama. Mzee wa depo akapiga kabla sijampigia. Mashine inatoa karatasi haisimami, akasema, madereva wamewasha magari. Halafu akaongeza, polepole, “Ya mama yako nimeiona. Iko juu ya gari la kwanza.”

Injinia alikuwa ameshasimama, anakung'uta sketi. Nikamwambia asante. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwambia. Akasema tutaonana Jumatatu na akarudi ndani kuimba.

Nilifika kwa Mama pikapu ikiingia uani. Mimi na dereva tuliubeba mtungi kwa mabega, nikaufunga mwenyewe kwa spana. Mama alikuwa ameketi ameinama mbele, viganja magotini, macho makubwa, hatazami mtu. Nikafungua. Mrija ukaanza kuvuma, sauti ile nyembamba, kama mvua ya mbali juu ya bati la mtu mwingine. Tulisimama sote. Dadangu alikuwa ameshika mkono wa mlango kana kwamba nyumba itaondoka. Pumzi ya Mama iliendelea fupi, fupi, fupi, halafu ikaja moja ndefu kidogo. Halafu nyingine. Rangi ilirudi midomoni polepole, vile kulivyokuwa kukipambazuka kule kwetu nikiwa mdogo, huwezi kusema ni saa ngapi hasa.

Dereva akatoka na kurudi na mtungi wa pili. Akausimamisha kando ya kabati. Akatoka, akaleta wa tatu. Akaleta wa nne, akaomba asogezewe meza.

Nikamuuliza anafanya nini. Akanionyesha karatasi. Zilikuwa nne, zote za nyumba hii. Oda tatu za dadangu na moja yangu. Foleni haikuwa imepoteza hata moja, ilikuwa imezitunza zote kwa uaminifu, na mzee wa depo, ambaye hupanga kwa mtaa, alizikusanya akazipandisha gari moja kama amri inavyosema. Karatasi nne, mitungi minne. Sebule ya Mama ilijaa kama depo.

Mama aliigeuzia macho mitungi, mmoja mmoja. Alikuwa bado hana sauti. Akainua kidole.

“Mimi niko na pua moja,” akasema.

Dadangu akaanza kucheka na kulia pamoja. Dereva akasema atairudisha depo. Mama akatikisa kichwa, akapumzika, akanitazama mimi.

“Hapana. Kuna mtu anaingoja. Wewe peleka.”

Nikamweleza kwamba dereva yupo, hiyo ndiyo kazi yake, mimi nibaki naye. Alifunga macho. Kwa Mama hiyo maana yake ni mazungumzo yameisha.

Nikampigia mzee wa depo, akanipa anwani tatu ambazo pikapu zake zisingezifikia mpaka jioni. Nikapanda mbele na dereva. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na mwanga uliopita ulikuwa mweupe na laini, unaotua kwenye kitu kimoja na kuacha kingine. Kawangware tulimkuta baba mmoja mlangoni amembeba mtoto mkubwa mikononi, akatupisha. Karen tulipita chini ya miti mirefu inayodondosha maji, geti refu, bustani ndefu, na mwisho wake chumba kidogo ambamo bibi alikuwa amelala akishika mrija uliokufa kwa vidole viwili, kama ua. Nyumba hizi zote nilikuwa nazo kwenye foleni yangu. Nilizijua kwa namba. Sikujua kwamba moja inanuka maji ya ndimu, na nyingine ina saa ya ukutani inayopiga kwa nguvu vile.

Ya mwisho ilikuwa Spring Valley. Mwanamke mzee alitufungulia mwenyewe, shali mabegani, nywele hazijachanwa. Mumewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mtu mkubwa aliyekonda ndani ya sweta yake. Dereva alifunga mtungi, mimi nikashika shingo ya chuma isitikisike. Yule mama alituambia wameitisha tangu jana jioni, kwamba amepiga simu mpaka mkono umekufa ganzi. Akauliza ni nini kilichotokea.

“Mitambo, mama,” dereva akasema. “Ilisumbua kidogo.”

Ningeweza kuliacha hivyo. Ni jibu zuri, kila mtu hulitumia.

“Si mitambo,” nikasema. “Ni mimi. Kulikuwa na kitu kimewekwa vizuri, nikakibadilisha.”

Nilingoja anitukane, na ningemwacha. Mrija ulikuwa umeanza kuvuma. Mumewe alikuwa anautafuta kwa pua, kichwa kikimwangukia kando, hana nguvu za kukaa wima.

“Basi njoo hapa,” yule mama akasema. “Mshike mgongo, nimtafutie mto.”

Nikapiga magoti nyuma ya kiti, nikaweka viganja vyangu viwili kwenye mgongo wa mtu nisiyemjua. Sufi ya sweta ilikuwa na joto. Chini yake mifupa ilipanda kidogo, ikakwama, ikashuka. Ikapanda tena, juu zaidi. Yule mama alichukua muda kuupata mto, nami sikumharakisha.